Konsoli ya dibaga iko tupu, maandishi ya programu yameenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa anayeandika programu kwenye Linux, Windows, Mac au Android, akaweka printf au print ili aone kinachoendelea, akaiendesha ndani ya dibaga (zana ya kusimamisha programu na kuikagua hatua kwa hatua), halafu asione chochote. Wengi hukimbilia kubadilisha msimbo papo hapo: wanaongeza print nyingine, wanaondoa kompaila na kuisakinisha upya. Nasaha yangu ni moja: usiguse msimbo kabla hujajua maandishi yamekwama wapi. Ama hayajatoka ndani ya programu, ama yametoka yakaingia dirisha ambalo hulitazami. Tiba ya hali moja haisaidii kitu kwenye nyingine.

Nimepita mstari wa printf hatua kwa hatua. Mbona hakuna kilichotokea?

Kwa sababu printf haiandiki moja kwa moja kwenye skrini. Inaandika kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya programu yako yenyewe, na maandishi hukaa humo mpaka bafa ijae au ipewe amri ya kumwagwa. Ni kama daladala isiyotoka kituoni mpaka ijae: abiria wa kwanza ameshakaa kitini, lakini safari haijaanza. Kwenye Linux, stdout (mkondo wa maandishi ya kawaida ya programu) inayopita kwenye paipu (njia inayopeleka maandishi kwa programu nyingine) kwa kawaida hupewa bafa ya baiti 4096. Kama kila mstari una herufi arobaini, itabidi ifike mistari kama mia moja ndipo uone wa kwanza. Programu ya mazoezi haifiki huko, kwa hiyo inanyamaza hadi inapomalizika, kisha kila kitu kinatoka kwa mkupuo mmoja.

Nikiiendesha kwenye terminali ya kawaida kila mstari unatokea papo hapo. Kwa nini kwenye dibaga tu?

Kabla ya kuamua namna ya kutumia bafa, maktaba ya C ya Linux na Mac huangalia stdout imeunganishwa na nini. Ikikuta terminali, humwaga bafa kila inapofika mwisho wa mstari. Ikikuta paipu au faili, husubiri ijae. Dibaga nyingi zenye madirisha huweka paipu kati ya programu yako na konsoli yao, na hapo tabia inabadilika bila wewe kugusa herufi hata moja.

Unaweza kujithibitishia bila dibaga. Andika programu inayochapisha mstari mmoja kila sekunde, kisha iendeshe hivi:

`./hesabu | cat`

Utakutana na ukimya uleule. Ukiuona, basi dibaga haina kosa.

Hata terminalini, maandishi yasiyoishia na `\n` yanaweza kubaki ndani. `printf("Inaunganisha na seva...")` ikifuatwa na kazi ya mtandao inayochukua nusu dakika, mtumiaji ataona ujumbe huo baada ya kazi kwisha, wakati hauna faida tena.

Kwa upande mwingine, stderr ya C (mkondo wa ujumbe wa makosa) haina bafa. Ndiyo maana ujumbe wa kosa hutangulia mistari ya kawaida iliyoandikwa kabla yake. Ukiona mpangilio umepinduka hivyo, unaangalia bafa ya stdout, wala si programu inayoruka mistari.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama ni bafa, bila kukompaili upya?

Ipo, na ningependa kila anayetumia GDB (dibaga ya amri inayotumika sana kwenye Linux) aijue. Simamisha programu mahali baada ya printf, kisha kwenye GDB andika:

`call (int)fflush(0)`

Kwenye LLDB, dibaga inayotumiwa na Xcode:

`expr (int)fflush(0)`

Amri hii inaiambia programu yenyewe imwage bafa zake zote za kuandikia. Maandishi yakitokea, umepata jibu na hujabadilisha chochote. Yasipotokea, acha habari za bafa kabisa, nenda kwenye maswali ya madirisha hapa chini. Hiyo `(int)` iweke, maana bila taarifa za udibagi za maktaba ya C, dibaga haijui kazi hiyo inarudisha aina gani ya thamani na itakataa.

Tahadhari: usiite fflush ukiwa umesimama katikati ya printf yenyewe. Kufuli ya stdout inaweza kuwa imeshikwa, na programu itaganda. Maliza kazi hiyo kwanza kwa `finish`.

Basi niweke fflush baada ya kila printf?

Unaweza, lakini utachoka na utasahau sehemu moja. Kwa C, mstari mmoja mwanzoni mwa main unatosha:

`setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);`

Uwe wa kwanza kabla hujachapisha chochote. Ndiyo tiba ya zamani ya Eclipse CDT kwenye Windows, ambako wanafunzi wengi huona programu ikiwaomba namba kabla ya kuwaonyesha swali. Konsoli ya Eclipse ni paipu, na swali liko ndani ya bafa.

Kwenye Windows kuna mtego hapa. Ukisoma kwamba `_IOLBF` humwaga bafa kila mwisho wa mstari, ukaona hiyo ndiyo nafuu zaidi, ujue kwamba maktaba ya C ya Microsoft haina uwezo huo: `_IOLBF` huchukuliwa sawasawa na bafa kamili. Zaidi ya hapo, ukiipa ukubwa wa 0 inahesabu kuwa umekosea, kwani inataka kuanzia 2, na programu inaweza kuangushwa hapo hapo. Msimbo uleule kwenye Linux unafanya kazi vizuri. Kama programu yako ni ya mifumo yote, tumia `_IONBF` na uifungie ndani ya toleo la majaribio tu, kwa sababu kuandika bila bafa hupunguza kasi kwenye programu inayochapisha sana.

Kwa C++, `std::endl` humwaga bafa ilhali `"\n"` peke yake haina uhakika huo. Ukitaka isikusumbue tena, andika `std::cout << std::unitbuf;` mara moja mwanzoni.

Na Python?

Mambo ni yaleyale. Tumia `print("...", flush=True)`, au endesha kwa `python -u`, au weka kigeu cha mazingira `PYTHONUNBUFFERED=1`. Hicho cha mwisho ndicho kinachofaa ndani ya kontena za Docker, ambako `docker logs` hubaki tupu kwa dakika nyingi huku programu ikichapa kazi.

Programu inaanguka, na mistari ya mwisho haionekani. Kosa liko baada ya mstari wa mwisho ninaouona, sivyo?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Programu ikiuawa na SIGSEGV (ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), au ukibonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye dibaga, vilivyomo ndani ya bafa vinakufa nayo. Unaona "hatua ya 3", unakagua hatua ya 3 na ya 4 usiku kucha, kumbe programu ilifika hatua ya 9 na ujumbe sita haukutoka. Printf imekuelekeza mahali pasipo na kosa.

Kazi ya `exit` humwaga bafa, `_exit` haimwagi. Kuhusu `abort`, glibc (maktaba ya C ya Linux) za zamani zilikuwa zikimwaga, ila tangu toleo la 2.27 la mwaka 2018 haimwagi tena. Kwa hiyo mradi uliokuwa ukionyesha ujumbe wote kabla ya assert (ukaguzi unaoangusha programu sharti lisipotimia) kuanguka unaweza kuanza kuupoteza baada ya kuhamia seva mpya, ingawa hakuna aliyegusa msimbo.

Unapotafuta mahali programu inapoangukia, andika kwenye stderr. Au achana na printf: dibaga imeshasimama kwenye mstari ulioanguka, andika `bt` na usome mnyororo wa kazi zilizoitana. Huo haupiti kwenye bafa yoyote.

Natumia Visual Studio. Dirisha la Output halionyeshi nilichoandika kwa printf au std::cout.

Na halitakiwi kuonyesha. Dirisha la Output hupokea kinachotumwa kwa `OutputDebugString`, na kwa .NET `Debug.WriteLine` na `Trace.WriteLine`. Printf na std::cout huenda kwenye dirisha jeusi la konsoli, kama lipo.

Tatizo ni pale lisipokuwepo. Programu ya Windows iliyounganishwa kwa `/SUBSYSTEM:WINDOWS` haipewi konsoli kabisa, na std::cout yake haina pa kwenda: hakuna kosa, hakuna onyo. Kwenye sifa za mradi, upande wa Linker kisha System, unaweza kuibadilisha kuwa `/SUBSYSTEM:CONSOLE`, lakini hapo kiunganishi (linker) kitataka `main` badala ya `WinMain`. Kama programu yako ina madirisha yake, ni rahisi zaidi kuita `AllocConsole()` kisha `freopen` kuelekeza stdout kwenye `CONOUT$`, au kutumia `OutputDebugStringA` tu.

Kama hata Debug.WriteLine haionekani, angalia vitu hivi. Je, unaendesha toleo la Release? Humo miito ya Debug.WriteLine haikompailiwi kabisa. Kwenye Tools, Options, Debugging, kuna kisanduku kinachohamisha maandishi yote ya Output kwenda dirisha la Immediate. Kikiwa na tiki, Output itakuwa tupu na Immediate imejaa. Halafu bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya Output uone kama Program Output imezimwa, na hakikisha orodha ya juu ya dirisha iko kwenye Debug, si Build.

Wako pia wanaofungua DebugView ya Sysinternals ili waone ujumbe huo, wakati programu bado iko ndani ya Visual Studio. Hawataona kitu. Dibaga iliyoshika programu ndiyo inayopokea OutputDebugString, DebugView inapata pale tu ambapo hakuna dibaga.

Dirisha jeusi linafunguka na kufunga kabla sijasoma.

Programu imemalizika. Weka dibaga isimame kwenye mstari wa `return 0;`. Kwenye Visual Studio kuanzia toleo la 2019 kuna mpangilio wa kufunga konsoli yenyewe dibaga inaposimama, uondolee tiki. Code::Blocks hukungojea ubonyeze kitufe unapoendesha kawaida, ila ukidibagi dirisha hufunga mara moja, na wengi hudhani matokeo yamepotea.

Kwenye VS Code kuna DEBUG CONSOLE, TERMINAL na OUTPUT. Niangalie wapi?

Inategemea lugha na faili la `launch.json` (mipangilio ya kudibagi ya mradi). Kwa Python, kigezo cha `"console"` kisipoguswa huwa `integratedTerminal`, kwa hiyo tazama TERMINAL. Ukikiweka `internalConsole`, maandishi yanahamia DEBUG CONSOLE, lakini `input()` haitafanya kazi, kwa sababu paneli hiyo haipeleki unachoandika kwenye programu. Programu inayomwuliza mtumiaji jina ielekeze terminalini daima.

Kwa C++ kwenye Linux, tafuta ndani ya TERMINAL kichupo ambacho jina lake linaanza na `cppdbg`. Huwa kimejificha pembeni, nyuma ya kichupo cha kukompaili. Paneli ya OUTPUT ni ya programu jalizi zenyewe, karibu kamwe hutakuta matokeo yako humo.

Node.js ina kisa chake. Dibaga hukamata miito ya `console.log`, haikamati kinachoandikwa moja kwa moja kwenye `process.stdout`. Maktaba za logi kama Winston huandika kwa njia hiyo ya pili, ndiyo maana console.log zako zinaonekana na logi za Winston hazionekani. Ongeza `"outputCapture": "std"` kwenye launch.json, au tumia `"console": "integratedTerminal"`.

GDB kwenye terminali ya Linux: maandishi ya programu yanachanganyika na ya dibaga, au skrini inavurugika.

GDB na programu yako wanagawana terminali moja. Ukiwa kwenye hali ya TUI (GDB inapogawa skrini ili kuonyesha msimbo), maandishi ya programu huchafua mchoro wa skrini. Ctrl+L huusafisha kwa muda. Suluhisho la kudumu ni kuipa programu terminali yake. Fungua dirisha la pili, andika `tty`, likujibu mathalani `/dev/pts/3`. Humohumo andika `sleep 100000` ili ganda la amri lisigombanie herufi unazobonyeza. Rudi kwenye GDB:

`set inferior-tty /dev/pts/3`
`run`

Kwa programu zinazotumia ncurses (maktaba ya kuchora skrini ya terminali) sioni njia nyingine ya kufanya kazi kwa raha.

Nimejiunga na programu ambayo tayari inaendelea, kwa kutumia namba ya mchakato. Hakuna maandishi hata kidogo.

Ni sahihi kabisa. Kujiunga na mchakato hakuhamishi stdout yake, maandishi yanaendelea kwenda kule yalikoelekezwa programu ilipoanza. Kwenye Linux unauliza hivi, tuseme mchakato ni 4821:

`ls -l /proc/4821/fd/1`

Soma mwisho wa mstari. Ukiona `/dev/pts/2`, kuna terminali mahali fulani inayopokea, huenda umeifunika kwa kivinjari. Ukiona njia ya faili, lifungue kwa `tail -f`. Ukiona `/dev/null`, aliyeianzisha aliamua maandishi yatupwe, na utalazimika kuianzisha upya. Ukiona `pipe:` na namba, au `socket:`, kuna mchakato mwingine unaosoma upande wa pili. Kwa huduma za systemd (kisimamizi cha huduma cha Linux) kwa kawaida ni journal (hifadhi yake ya logi), basi andika `journalctl -f -u` na jina la huduma. Kwenye Mac, `lsof -a -p 4821 -d 1` inakupa jibu linalofanana.

Namba 1 hapo ni stdout. Angalia na 2, maana stderr inaweza kuwa imeelekezwa kwingine.

Ukitaka ushahidi wa mwisho kwamba programu inaandika au haiandiki, tumia `strace -f -e trace=write -p 4821`. Kila maandishi yanayovuka kwenda kwenye kiini cha mfumo yatapita mbele ya macho yako. Sharti ujitoe kwenye GDB kwanza kwa `detach`: mchakato mmoja haukubali wafuatiliaji wawili kwa wakati mmoja.

Kwenye Xcode sehemu ya chini ni tupu.

Kwanza ifungue kwa Shift+Cmd+Y, kisha angalia kisanduku cha kuchuja kilicho chini yake. Neno ulilolitafuta juzi bado linaweza kuwa humo likificha kila kitu.

Pili, fungua mipangilio ya Scheme, sehemu ya Environment Variables. Mwaka 2016, Xcode 8 ilipokuja na ujumbe mwingi wa mfumo usioeleweka, ushauri wa kuweka `OS_ACTIVITY_MODE` kuwa `disable` ulienea sana. Unanyamazisha kelele, na unaweza kunyamazisha NSLog na os_log zako pia. Miradi mingi ya zamani bado imeubeba. Uondoe.

Kama unasoma logi kwenye programu ya Console ya Mac na unaona `<private>` badala ya thamani, hilo si kosa. Mfumo huficha maneno yanayotoka kwenye vigeu mpaka uyatangaze kuwa ya wazi kwa `privacy: .public`. Usifanye hivyo kwa namba za simu au taarifa za wateja. Na ujumbe wa viwango vya info na debug hauonekani humo mpaka uuwashe kwenye menyu ya Action.

Android: printf ya C++ haionekani popote kwenye Logcat.

Stdout ya programu ya Android huelekezwa `/dev/null`. Tumia `__android_log_print` na uunganishe maktaba ya `log`. Upande wa Java na Kotlin, `System.out.println` hufika Logcat (dirisha la logi za Android) kwa lebo ya `System.out`, kwa hiyo ukichuja kwa lebo yako mwenyewe hutaiona. Jaribu kuchuja kwa `package:mine` peke yake, na uhakikishe Logcat inatazama simu uliyoichomeka, wala si kiigizaji kilichobaki wazi. Simu za baadhi ya watengenezaji huzima logi za kiwango cha debug. Panda hadi `Log.i` au `Log.w` uone kama hali inabadilika.

Maandishi yanaanza vizuri, yanakatika katikati ya neno, kisha kimya hadi mwisho.

Hii ni ya C++ na inaudhi, kwa sababu hakuna bafa wala dirisha la kulaumu. Mkondo wenyewe umeingia hali ya kosa, na kila unachoandika baadaye kinamezwa.

Mfano unaotukuta tunaoandika Kiswahili: umenakili "ng’ombe" kutoka kwenye hati ya Word, ambayo imegeuza kiapostrofi cha kawaida kuwa kile kilichopinda, herufi U+2019. Kwenye Windows, `std::wcout` ambayo hujaiwekea lugha inashindwa kuigeuza herufi hiyo. Inachapisha "ng" na kunyamaza. Weka kiapostrofi cha kawaida cha kibodi, au andaa konsoli ya Windows kwa `_setmode(_fileno(stdout), _O_U16TEXT)` na baada ya hapo utumie wcout pekee, usichanganye na cout.

Kwa watumiaji wa GCC, kuchapisha kielekezi kitupu cha `const char*` kwa std::cout kunaleta ukimya huohuo. Ndani ya dibaga, chapisha thamani ya `std::cout.rdstate()`, ikiwa si sifuri, mkondo umeharibika. `std::cout.clear()` itaufufua, lakini tafuta kwanza kilichouharibu, kwani kielekezi hicho kitupu huenda ndicho kosa ulilokuwa unalitafuta tangu mwanzo.

Nikiomba msaada kwa wenzangu, niwape taarifa gani?

Mfumo endeshi na toleo lake, dibaga gani, na kama uliianzisha programu ndani yake au ulijiunga nayo ikiwa inaendelea. Eleza kilichotokea ulipoita fflush, na ujumbe wa stderr unaonekana au la. Kama ni VS Code, bandika launch.json nzima kama maandishi, si picha ya skrini, ili mtu aweze kuinakili na kuijaribu kwenye mashine yake.